Niliacha fizikia kidato cha pili, sasa mwezi unaninyima usingizi

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani hapa Tanga, mama wa watoto watatu. Nashona zaidi sare za shule na madera. Kidato cha nne nilimaliza, lakini fizikia niliiacha nilipovuka kidato cha pili. Wakati ule ukiwa mzito wa hesabu unaambiwa nenda sanaa, nami nikaenda bila kugombana na mtu.

Mwaka huu mwanangu wa kwanza, ambaye naye sasa yuko kidato cha pili, aliniuliza tukiwa tumekaa barazani: "Mama, embe likikatika linaanguka. Mbona mwezi hauanguki?" Nikamwambia ni kazi ya Mungu. Akasema, "Sawa, lakini ameufanyaje usianguke?" Nikakosa la kusema. Tangu siku hiyo ni miezi minne. Kila usiku watoto wakilala natazama video za mashimo meusi, mlipuko mkuu, nyota zinazokufa. Nikiwa natazama naelewa kabisa. Asubuhi nikitaka kumweleza mtu, hakuna kitu kichwani.

Nikanunua kwa muuza vitabu vya mitumba kitabu kikubwa cha fizikia cha chuo kikuu, cha Kiingereza, kurasa zaidi ya 1,000. Nimekianza mara tatu, na mara zote tatu nimeishia sura ya vekta, yale mambo ya vipimo vyenye mwelekeo. Juzi nikajaribu swali la kutafuta mchapuko kwenye daftari la mwanangu, nikakosa. Aliyesahihisha ni yeye, na alicheka.

Sasa nina akiba ya shilingi 400,000 niliyoiweka kidogo kidogo kutoka kwenye sare. Kuna duka nimeona darubini ya 380,000, boksi limeandikwa inakuza mara 525. Pia kuna kituo cha watahiniwa binafsi, naweza kujiandikisha fizikia na hesabu nifanye mtihani wa kidato cha nne. Mume wangu anasema hela hiyo tuiongezee tununue mashine ya ovaloki, ile ya kumalizia kingo za nguo. Aliniuliza, "Nyota zitakushonea nguo?" Hakusema kwa ubaya, lakini lilinichoma. Shangazi yake naye kasikia, anasema naingia kwenye unajimu na kupiga ramli.

Naomba uniambie: mtu wa umri wangu, asiye na kichwa cha hesabu, anaweza kweli kujifunza mambo haya? Ninunue darubini, nijiandikishe mtihani, au niache nishone nguo za watu?

Fundi, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi.

Umefunga maswali matatu kwenye robota moja: kama unaweza, uanzie wapi, na hela iende wapi. Yakikaa pamoja yanatiana giza. Mume akiuliza habari ya hela, wewe unasikia anasema huwezi. Mtoto akicheka, unatamani darubini. Tuyafungue moja moja.

Kuhusu "kichwa cha hesabu", sina uhakika kwamba umejipima kwa haki. Mtu anayekadiria vitambaa vya sare za watoto 30 wa vimo tofauti, akaacha nafasi ya mshono na asibakiwe na vipande vya kutupa, anafanya uwiano, sehemu na makadirio kila siku. Kinachokosekana ni kingine: kuandika mambo hayo kwa herufi, na kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda wa pili. Hiyo ni kazi ya mkono, inajengwa kwa mazoezi kama kupiga mshono ulionyooka, na mwanzoni inachosha.

Hebu fikiria kitambaa cha meza ya mraba yenye upande wa mita 1. Mteja akitaka cha upande wa mita 2, hununui mara mbili, unanunua mara nne. Hilo unalijua bila kuambiwa. Lishike, maana tutalihitaji mpaka kwenye mwezi.

Video zako si mbaya, ila zinakupa kuelewa kwa kutazama, kama mtu aliyekaa dukani kwako akaona koti linashonwa. Njia ya kujipima ni hii: simamisha video kila dakika kumi, funika simu, andika sentensi tatu na mchoro mmoja kwenye kauntabuku. Pale kalamu inapokwama ndipo usipojua. Pengine utagundua kwamba mashimo meusi yanakwama kwa sababu ya jambo dogo lililo nyuma yake, kwa mfano mchapuko ni nini. (Ni kasi ya kubadilika kwa mwendo. Daladala inayotoka kusimama hadi mita 10 kwa sekunde ndani ya sekunde 5 ina mchapuko wa 2: kila sekunde imeongeza mita 2 kwa sekunde.)

Na kile kitabu kikubwa hakikukushinda kwa akili. Vitabu vya namna hiyo huandikwa kwa mwanafunzi aliyekwisha kupita kidato cha sita na anayesoma kalkulasi (hesabu za mabadiliko) papo hapo, ndiyo maana vekta huja mapema na kwa haraka. Kiweke kabatini, usikiuze. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Anza na sayansi ya shule ya msingi, ambayo iko kwa Kiswahili, kisha fizikia ya kidato cha kwanza. Wengine huona aibu kushika kitabu cha mtoto. Sijui kwako aibu hiyo ina uzito gani, lakini ingia ukijua kwamba ipo.

Wakati unasoma, pima kitu. Vyombo unavyo tayari: uzi, utepe, kufuli na simu. Chukua uzi mnene usiovutika, ule wa kushonea viatu unafaa. Funga kufuli, ning'iniza kwenye msumari, iwe kama timazi ya mwashi, halafu iache ibembee. Vitabu huita pendulamu. Urefu uwe mita 1 kutoka msumari hadi katikati ya kufuli. Livute pembeni sentimita 15 tu, liachie bila kulisukuma, na upime muda wa safari 20, kwenda na kurudi ikiwa safari moja. Utapata karibu sekunde 40. Fupisha uzi uwe sentimita 25, yaani robo. Muda hautakuwa robo, utakuwa nusu: sekunde 20. Ni kile kitambaa cha meza kimerudi, muda ukiongezwa mara mbili urefu unaongezeka mara nne. Kisha badili kufuli, weka zito zaidi kwa urefu uleule. Muda haubadiliki, na hapo watu wengi hushangaa.

Sasa tafuta nguvu ya mvutano wa dunia. Gawa muda wa safari 20 kwa 20 upate muda wa safari moja, uzidishe kwa wenyewe. Halafu chukua 39.5, zidisha kwa urefu kwa mita, gawa kwa jibu lile. Inatakiwa ije karibu 9.8. Maana yake ni kwamba kitu kinachoanguka huongeza mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Ukipata kati ya 9.6 na 10.0 kwa vifaa vya mezani kwako, umefanya vizuri.

Ukipata vingine, usiseme huna kichwa, tafuta kosa liliko, kwa sababu kila kosa lina alama yake. Ikija kama 10.9, ulianza kuhesabu "moja" ulipoliachia badala ya "sifuri", kwa hiyo umepima safari 19 ukaziita 20. Ikija 9.5, huenda ulipima uzi mpaka kwenye fundo ukasahau kwamba kufuli lina sentimita chache za chini yake. Ukilivuta mno, mpaka pembe ya nyuzi 45, kila safari inachelewa kwa asilimia 4 hivi. Bonyeza saa kufuli linapopita chini kabisa ambako lina kasi, si kule mwisho linakozubaa na jicho likasita. Na utepe wa fundi uliochakaa huvutika, kwa hiyo ulinganishe kwanza na rula ya mwanao.

Kwa hesabu hiyohiyo unaweza kumjibu. Mwezi unaanguka. Jiwe likiachiwa huku kwetu, sekunde ya kwanza huanguka mita 4.9. Sisi tuko kilomita 6,370 kutoka kitovu cha dunia, mwezi uko kama 384,000, yaani mbali mara 60. Mvutano hupungua kwa mtindo wa kitambaa cha meza: umbali mara 60, mvutano unagawanywa kwa 60 mara 60, ambayo ni 3,600. Gawa mita 4.9 kwa 3,600 unapata milimita 1.4. Kila sekunde mwezi unaanguka kuelekea kwetu hiyo milimita moja na kitu, na sekunde hiyohiyo unakwenda pembeni kilomita 1. Anguko hilo linatosha kuipinda njia yake iwe duara, halitoshi kuufikisha kwetu. Ungesimamishwa ghafla usiende pembeni, ungetufikia kwa siku tano hivi. Isaac Newton alipiga hesabu hii karne ya 17, na inahitaji kuzidisha na kugawanya tu.

Utakutana pia na mtego wa maneno. Mwanao anasoma kwa Kiingereza, wewe unafikiri kwa Kiswahili, na fizikia inayabana maneno ya kawaida. Ukisimama na robota kichwani saa nzima bila kusogea, shingo itauma lakini katika fizikia hujalifanyia robota kazi yoyote, kwa sababu kazi ni kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) mara umbali uliosogea. Kilo moja ya sukari ni masi, yaani kiasi cha sukari yenyewe, haibadiliki popote uendako. Uzito wake ni mvuto unaoivuta, niutoni (kipimo cha kani) 9.8 hapa na karibu sehemu moja ya sita yake mwezini. Andika maneno kumi kwa wiki, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule, na mfano wa dukani kwako.

Sasa anga, na hapa naomba nikuulize: unataka kuijua fizikia, au kuzijua nyota? Vinakutana, lakini mlango si mmoja. Mtu anaweza kuzitaja nyota zote za usiku asijue mchapuko, na mwingine akawa mwalimu wa fizikia asiyeitambua sayari ya Zuhura jioni. Barua yako ina vyote viwili, na swali la mwanao ni la mlango wa kwanza, ilhali darubini ni ya mlango wa pili.

Hiyo 525 ya kwenye boksi ninaweza kukisia ilikotoka. Darubini nyingi za aina hiyo zina urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo cha mbele hadi mwanga unapokusanyika) wa milimita 700. Ukuzaji ni fokasi gawa kwa namba iliyo kwenye kioo cha jicho, kile unachochungulia. Kioo cha milimita 20 kinatoa mara 35. Cha milimita 4 kinatoa 175, na wakiongeza kile kilenzi cha kuzidisha mara 3 unapata 525. Lakini mwanga unaoingia unategemea upana wa kioo cha mbele, na kanuni ya mkono ni kwamba ukuzaji unaofaa hauzidi mara mbili ya milimita za upana huo. Kama ni milimita 60, mwisho ni 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu, na miguu yake myepesi inatikisika ukigusa tu. Isitoshe dunia inazunguka, kwa hiyo ukuzaji ukiwa mkubwa nyota inakukimbia kabla hujaishika. Sisemi ni takataka. Kwa mara 35 mashimo ya mwezini yanaonekana vizuri, miezi minne ya Mshtarii (sayari ya Jupita) inaonekana, na pete za Zohali (sayari ya Satani, Saturn kwa Kiingereza) unazitambua. Uliza upana wa kioo na omba kuijaribu kwenye mnara wa simu wa mbali kabla ya kutoa hela. Usiielekeze kwenye jua hata mara moja. Na kama ndani ya boksi kuna kichujio cheusi cha kufunga kwenye kioo cha jicho ili utazame jua, kitupe, maana joto linakusanyika hapohapo na kinaweza kupasuka jicho likiwa nyuma yake.

Wapo wanaochagua binokula, ile darubini ya macho mawili, ya 7×50 au 10×50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo kwa milimita. Ukiegemeza viwiko kwenye ukuta, miezi ya Mshtarii unaiona kama vinukta vilivyojipanga mstari, ile ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Ya mitumba ikague: ukiona vitu viwiliviwili, imegongwa. Ukiimulika na ukaona utando kama wa buibui, ni kuvu la unyevu, ambalo mwambao wetu unalizalisha sana. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi uliofungwa, weka kwenye chombo chenye vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Na bila hela yoyote kuna mambo ya kutosha mwaka mzima. Yatafute makundi ya nyota: Jabari iko juu jioni kuanzia Desemba hadi Machi, Salibu Aprili hadi Julai, Nge Juni hadi Septemba. Simamisha uani kijiti cha mita 1, kinyooshe kwa ile timazi, na upime kivuli kifupi zaidi cha mchana. Kwa hapo Tanga, tarehe 21 Juni kitakuwa kama sentimita 54 kuelekea kusini, tarehe 21 Desemba kama sentimita 33 kuelekea kaskazini. Karibu na tarehe 8 Machi na 6 Oktoba kivuli kinapotea kabisa, jua liko utosini. Usitegemee iwe saa sita kamili: Machi ni saa sita na dakika 35 hivi, Oktoba saa sita na dakika 12. Saa zetu za Afrika Mashariki zimewekwa kwa longitudo ya 45, Tanga iko 39, kwa hiyo jua linatufikia kwa kuchelewa. Sehemu nyingine ya tofauti inatokana na mwendo wa dunia yenyewe kulizunguka jua, usio sawa mwaka mzima, na mhimili wake ulioinama. Pwani nayo ni maabara: andika saa ya maji kujaa kila siku uone yanavyochelewa kwa wastani wa dakika 50, na bamvua (maji kujaa sana na kupwa sana) inavyofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa siku moja au mbili.

Mtihani una faida yake: tarehe, mwalimu, na wenzako wa kukwama nao. Lakini sehemu kubwa yake ni umeme, joto, mwanga, mawimbi na mashine, anga ni kipande kidogo. Ukiingia kwa ajili ya nyota unaweza kuchoka kwenye saketi. Kabla ya kulipa, uliza fizikia inafundishwa na nani, kuna maabara au la, na sehemu ya vitendo inafanyikaje. Hatari nyingine ni kwamba alama mbaya ya mara ya kwanza unaweza kuisoma kama hukumu juu ya kichwa chako, jambo ambalo umekwisha kulifanya kwa swali moja la mchapuko.

Mumeo. Umeandika mwenyewe kwamba hakusema kwa ubaya, basi huenda swali lake halikuhusu nyota kabisa. Je, linahusu hela, au zile saa za usiku unazokaa na simu? Ungemuuliza. Ovaloki ni chombo cha biashara yako pia, na msimu wa sare wa Januari unaweza kuirudisha hela haraka. Inaweza vilevile isirudishe, kama wateja wako hawalipi zaidi kwa mshono uliokatwa vizuri. Hilo unalijua wewe. Kuna wanaokubaliana miezi miwili ya kujifunza bila kutumia hela, kisha wanakaa chini na kuamua. Hatari yake ni kwamba "baadaye" ina tabia ya kutokuja, kwa hiyo wakikubaliana huandika tarehe. Wewe umeniwekea njia tatu kana kwamba ni lazima moja iue nyingine, nami naona mwezi na ovaloki havigombanii uzi mmoja.

Shangazi mwambie kwa upole kwamba anachokiogopa ni kutabiri maisha ya watu kwa nyota. Hii ni falaki, elimu ileile inayotumika kutafuta kibla na kujua mwezi mwandamo utaonekana lini.

Mwanao, kama utapenda, mpe saa ya simu awe mpimaji, wewe uhesabu safari za kufuli. Kisha mbadilishane. Akianza yeye kuhesabu kwa "moja", mwache afike mwisho, jibu lije 10.9, halafu mtafute pamoja lilikotoka. Mkipata namba zenu, tuandikie pamoja na urefu wa uzi.